Kompyuta Iliyozima Kila Jioni

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi niliipenda ile kompyuta mpakato hata ilipoanza kunitesa. Kaka yangu, mfanyabiashara wa Butembo, aliinunua Kampala, akaivusha mpaka wa Kasindi katikati ya marobota ya vitenge, akanikabidhi ikiwa bado inanukia plastiki. Kwa wiki nzima sikumruhusu mtu kuigusa kabla hajanawa mikono.

Tulikaa ukingoni mwa Beni, mama yangu na mimi, upande ule mashamba ya kakao yanakoishia na msitu kuanza. Miaka ile watu wa upande wetu walikuwa na wazo moja tu, kuhama. Wauaji walitoka msituni na mapanga na mashoka, mara nyingi saa ya chakula cha jioni, na kila baada ya siku chache tulisikia jina la kijiji kingine. Mimi niliweza kukimbia. Mama hakuweza, magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kubeba mizigo ya mihogo tangu usichana. Hilo ndilo nililoliwaza nikifundisha, nikipika na nikisali.

Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Padre mzee wa Butembo alikuwa ameandika kwa mkono kitabu cha sala kwa Kinande, lugha yetu, naye alitafuta mtu wa kukipiga kwa mashine. Ambaye angekimaliza vizuri kabla ya Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, angepewa kazi ya ukarani parokiani, na pamoja nayo nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa kanisa. Nyumba ya kaka ilikuwa imeshajaa ndugu waliokimbia, wengine wakilala sebuleni hadi chini ya meza. Kwa hiyo nilizitaka zile sala za padre kuliko padre mwenyewe alivyozitaka.

Mchana nilikuwa darasani, na umeme kwetu ulikuja jioni tu. Lakini jioni hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewasha taa. Watu walisema wale wauaji hufuata mwangaza na sauti. Hakuna aliyekuwa na uhakika, wala aliyetaka kupima. Basi nilijifunika blanketi zito, mimi na mashine yangu, kama mtu anayejifukiza mvuke wa mkaratusi, na nikaiwekea mto chini ili ule mvumo wake usisikike nje.

Jioni ya kwanza ilifanya kazi kidogo, kisha mshale ukasimama katikati ya Baba Yetu. Nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Kioo kikageuka buluu, kikajaa maneno meupe nisiyoyaelewa, kikazima. Halafu, bila kuombwa na mtu, ikajiwasha tena na kupiga ule muziki wake wa kuamka. Kwenye mtaa uliokuwa kimya kiasi cha kusikia mbuzi wa jirani akicheua, muziki ule ulikuwa kengele ya kanisa. Niliikumbatia tumboni kuinyamazisha. Tulikaa gizani tukisikiliza hatua za watu ambao hawakuja. Mama akasema niizibe mdomo ile takataka.

Ikawa hivyo kila jioni. Nilipoteza kurasa, nikaandika upya, nikapoteza tena. Kwanza niliulaumu umeme, kwa sababu Jumapili mchana, kwa betri, mashine ilifanya kazi mezani bila kosa. Nikaazima kwa mwalimu mwenzangu kisanduku cha kusawazisha umeme. Ikazima. Mwenzangu mwingine akasema ni virusi, akaja na dawa yake kwenye flashi, akaisafisha na kunitoza kuku. Ikazima. Mama alisema ni kijicho cha watu, akainyunyizia maji ya baraka, na ilibidi nimwombe asiyamwage kwenye vitufe. Ikazima hata hivyo.

Nikaipeleka Butembo. Nilipanda pikipiki nikiwa nimeifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto. Kwenye kizuizi askari aliitaka, akaniamuru niiwashe aone kama ni kompyuta kweli. Ingeganda pale mbele yake, ningemweleza nini? Ikawaka vizuri, ikatulia kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, na askari akanirudishia. Fundi wa Butembo alikaa nayo kutwa nzima, akachezesha filamu mbili, haikuzima. Akanirudishia akinitazama kwa huruma, kama anayejiuliza mgonjwa ni nani. Jioni ile ile, Beni, ikaganda tena. Nililia chini ya blanketi, kimya, kwa sababu hata kilio kilikuwa na sauti.

Nilipomrudia, fundi hakuifungua. Aliniletea kiti.

"Mama, leo mimi sigusi kitu," akasema. "Unionyeshe vile unatumikaka kwako."

Niliona aibu. Nilimweleza habari ya mwangaza, blanketi na mto. Wateja wawili waliokuwa wakicheka juu ya simu wakaiweka chini.

"Machine haina ugonjwa," fundi akasema. "Iko inakosa pumzi. Inashika moto mingi, inajizima kusudi isiungue. Uifunue tu."

Kisha akasikia mwenyewe alichokisema. Akainamisha kichwa, akaanza kupanga bisibisi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Hakunidai kitu.

Nilirudi Beni nikiwa na dawa mkononi ambayo sikuweza kuinywa. Majilio yalikuwa karibu na Jumapili zilizobaki hazikutosha. Tulijaribu kulitundika blanketi dirishani badala ya kunifunika mimi. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na mbao zetu zilikuwa na nyufa kila mahali. Mama alitoka nje kuangalia, akarudi akisema tunaonekana kama kapu lenye makaa ndani. Ng'ambo ya ua, mama mmoja aliyekimbia na watoto wake kutoka Eringeti alikuwa amesimama mlangoni akiutazama mwangaza wetu. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yule alikuwa ameyaona makubwa kuliko nyoka. Nikaizima.

Nilimwambia mama yangu basi, tuache, Mungu atafungua mlango mwingine. Yeye akavuta kigoda chake hadi mlangoni, akakaa, akanyoosha miguu.

"Andika," akasema.

Nikamuuliza pale mlangoni anafanya nini.

"Mimi siwezi kimbia. Kama bale bauaji banakuya, banikute mimi kwanza. Weye utapata muda ya kutoka ku dirisha."

Alilisema kama anayegawa kazi za jikoni, nani achote maji, nani apepete mchele. Niliichukia ile nyumba ya parokia saa ile, nikamchukia na padre na sala zake. Nilitaka kubisha, lakini nikiangalia magoti yake nilijua kwamba kubisha ni kupoteza muda. Nikaweka mashine mezani, wazi, bila mto. Ikavuma. Mwangaza wake ulipita kwenye nyufa na kulala juu ya migomba. Niliandika nikiwa na mkojo wa woga ambao haukuisha, nikigeuka kila jani lilipoanguka. Mashine haikuganda hata mara moja. Jioni baada ya jioni mama alikaa pale, rozari mkononi, mgongo kwangu, nami niliandika sala za wafu nikiutazama mgongo huo.

Tulimaliza kabla ya Majilio. Padre alisoma, akarekebisha maneno machache ya Kinande changu cha mjini, akatupa ufunguo.

Tulipokuwa tukifunga masufuria, yule mama wa Eringeti alikuja hadi kwenye ua. Nilijua amekuja kunisema kwa kuuhatarisha mtaa mzima, na alikuwa na haki. Nikaanza kumwomba radhi kwa ule mwangaza.

"Hapana," akasema. "Ile mwangaza ndiyo ilikuwa inalalisha batoto. Banaulizaka, mama, kule bako macho? Ninasema, bako macho. Banalala."

Kisha akaniuliza tunaondoka lini. Nikamwambia siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi.

Alihesabu kichwani siku zilizobaki, akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi.

"Bon," akasema. "Tutalala mpaka siku ya posho."