Santuri ya Mkwe Wangu Niliyoianika na Muhogo

Watu wangu, haya mambo hata kuyasema naona haya, na kama si kwamba Malaba nzima inayajua tayari (mwenye boda boda mmoja aliniuliza juzi kama ninaanika na redio), ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini kwa sababu kila mtu anayasimulia kwa kutia chumvi, afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyekuwa pale nimesimama mbele ya mama mkwe, jasho linanitiririka, natamani ardhi ipasuke inimeze na suti yangu.

Chanzo ni Ekisa, na hata leo nikilitaja jina hilo kitu kinanikwaruza kooni. Ekisa alizaliwa kwenye zile nyumba za reli karibu na stesheni, mlango wa pili kutoka kwa kina mke wangu. Baba yake alikuwa gadi wa treni, na baba ya mke wangu alikuwa akibadilisha njia za reli treni zikiingia, kwa hiyo hawa wawili walikua pamoja, wakaoga beseni moja (mke wangu anasema ni uongo, Ekisa anasema ni kweli, na mimi simwamini yeyote), wakahesabu mabehewa pamoja. Treni ya abiria ilikufa zamani, siku hizi inapita ya mizigo tu ikijisikia, lakini Ekisa amekataa treni ife. Kila Jumamosi alasiri anavaa kofia ya marehemu baba yake, anatoa gramafoni barazani, anapuliza filimbi ya gadi kabla ya kuweka kila santuri, na wazee wa reli wanakuja kukaa hapo na chai, wanaimba, wanapanguza macho. Na mke wangu, Mama Linet, yumo.

Sasa mimi ni mtu wa Marachi. Kwetu tulikuwa na mahindi, na ng'ombe, na baiskeli ya mjomba, reli hatukuwa nayo. Siku ya kwanza niliyomsindikiza huko, yeye na Ekisa walianza kutaja stesheni kwa zamu, huyu anasema Bungoma, yule anasema Webuye, huyu Turbo, yule Eldoret, bila kukosea, wanachekeana kama watu wanaosali rozari yao wenyewe. Mimi nimekaa na kikombe changu, sina stesheni hata moja. Roho iliniuma, nawaambia ukweli. Mwanamke ninayemjua mpaka anavyokoroma ana nchi nzima ndani yake ambayo mimi sina tikiti ya kuingia, na mwenye ufunguo wa geti ni jirani mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola.

Basi ikafika kumbukumbu ya baba mkwe. Ibada ingefanyika nyumbani kwa mama mkwe, upande wa Kocholia, na kwenye kikao cha familia mama alitoa ombi moja tu. Alitaka kusikia tena ile santuri ndogo ambayo mzee alikuwa akiiweka kila akitoka kazini, wimbo wa mwanamke anayengoja treni ya Ijumaa na sufuria ya chakula, anayeapa kwamba mume akichelewa atakula peke yake. Santuri yenyewe ilikuwa kwa Ekisa, kwa sababu mzee alipohama nyumba za reli alimwachia rafiki yake, baba ya Ekisa. Mama hakuwa ameisikia tangu mzee azikwe. Alisema, "Niisikie mara moja tu, itanitosha." Shemeji akasema, "Hiyo ni rahisi, tumwite Ekisa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema, "Ekisa wa nini? Mkwe ni nani hapa? Muziki wa mzee nitaleta mimi."

Kila mtu akafurahi. Mama Linet aliniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu harusi, na kwa ajili ya macho hayo ningeahidi kuleta treni yenyewe na abiria wake.

Gramafoni nilipata kwa fundi mmoja wa Tororo, Uganda, aliyekubali kuvuka mpaka nayo asubuhi ya ibada. Santuri ilibidi nikaiombe kwa Ekisa, na hiyo safari ya mita chache kutoka nyumbani kwangu hapa Malaba ilikuwa ndefu kwangu kuliko safari ya Nairobi. Aliitoa polepole, akaishika pembeni kwa ncha za vidole, akaniambia, "Baba Linet, usiiguse usoni. Na hii ni moja tu, hakuna ingine." Mimi nikasikia anavyonifundisha kama mtoto, nikaichukua, nikasema, "Mzee wangu, mimi nimeshika vitu vya maana maishani."

Kufika nyumbani nikaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa na vumbi la miaka na alama za vidole, na mimi nikajua hizo ni alama za vidole vya Ekisa. Nikajiambia, hii haiendi kwa mama mkwe na uchafu wa huyu mtu, mimi nitaipeleka iking'aa mpaka watu waulize kwa nini siku zote ilikuwa chafu. Nikachukua beseni, nikaweka maji na sabuni ya unga, nikaisugua taratibu na kitambaa cha kanzu ya mtoto. Ikatoka nyeusi inayometameta, unaweza kujionea meno.

Sasa niwaeleze kitu kuhusu kazi yangu. Mimi ninanunua muhogo mbichi, ninaumenya, ninaukata, ninauanika kwenye turubai nyeusi nyuma ya nyumba, ukikauka ninauuza kwa wenye vinu. Hiyo ndiyo imemsomesha binti yetu Linet. Mtu wa kazi yangu akiona kitu kimelowa, mkono wenyewe unatafuta jua bila kuuliza kichwa. Basi nikatoka na santuri ya mzee, nikaisogezea nafasi katikati ya vipande vya muhogo, nikailaza hapo juani, saa za jua kali, kisha nikaitwa kwenda kupakia magunia kwenye lori. Nilikwenda nikipiga mluzi.

Niliporudi kuugeuza muhogo nikakuta kitu kimejikunja kama sikio la ng'ombe.

Nikakaa chini. Mtu mwenye akili angekimbia kwa Ekisa saa hiyo hiyo, amwambie, nimeharibu, tusaidiane. Lakini kumwona Ekisa akitikisa kichwa chake chenye kofia, na kesho yake amweleze mke wangu kwa upole (huyo mtu ana upole unaoudhi), hapana. Nikawasha pasi ya makaa. Nikafunika santuri kwa taulo nikaipiga pasi kama sketi ya shule, upande mmoja, nikageuza, upande wa pili. Ikalala kidogo katikati, ikainuka pembeni. Nikailaza sakafuni, nikaiwekea gunia la muhogo juu, nikaongeza lingine. Asubuhi nikaitoa, nikaitazama kwa jicho moja, nikajidanganya kwamba imenyooka, nikaitia kwenye jalada lake upesi kabla jicho la pili halijaamka.

Ibada ilikwenda vizuri. Katekista aliomba, watu wakala, wazee wa reli walikuwa mstari wa mbele, Ekisa katikati yao. Mama mkwe alikaa mbali nami upande wa pili wa hema, jinsi inavyotakiwa, maana sisi na wakwe zetu ni heshima, hamsogeleani, hamshikani mkono, hata kukohoa unageukia pembeni. Gramafoni ilikuwa imeunganishwa na spika kubwa za kukodi. Nikasimama. Ningeweka tu sindano nikakaa, lakini nilikuwa na maneno.

"Kuna watu," nikasema kwenye maiki, "wanacheza santuri za wazee ili waonekane. Mimi nimekuja na hii kwa ajili ya mama. Na muone ilivyo safi."

Nikaiinua juu, watu wakapiga makofi. Nikaiweka. Sindano ikapanda kilima, ikashuka bonde, ikapanda tena, na kwenye zile spika ikatoka sauti ya mwanamke anayezama majini, anaanza neno akiwa binti, analimaliza akiwa mzee wa miaka tisini. Mtu nyuma akacheka, akanyamazishwa. Nikasema ni mashine inapata joto. Sindano ikaruka, ikaanguka, ikaruka. Nami nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka ninafunika uso nikiwa peke yangu. Nikaweka kidole juu ya mkono wa gramafoni, nikaukandamiza.

Ule mlio, kuku wote wa boma walikimbia. Watu walishika masikio, mtoto akaangua kilio, na nilipoinua macho nikaona mama mkwe anatembea kuja kwangu. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu hajanikaribia hivyo, akasimama ng'ambo ya meza, akaiangalia santuri inavyozunguka ikinesanesa, akaniuliza polepole, "Baba Linet, hii mmeifanya nini?"

Ekisa akaja, akainua sindano, akaitoa santuri kwa ncha za vidole vyake vile vile, akaiinua kwenye mwanga. Ndani ya mifereji yake kulikuwa na unga mweupe. Akainusa. Maiki ilikuwa bado imewashwa.

"Baba Linet," akasema, "uliianika?"

"Kidogo," nikasema, na hema lote likasikia.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata kwenye harusi. Wazee wa reli walipigana mabega, shemeji alitoka nje kabisa. Aliyekuwa hacheki ni mama mkwe peke yake. Alikuwa ameshika lile jalada tupu kifuani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, kwamba ile sauti mumewe aliyokuwa akirudi nayo nyumbani haipo tena popote duniani, nimeipiga pasi.

Nikaangalia viatu vyangu. Kisha nikasikia mama anaanza kuimba. Sauti nyembamba, inayotetemeka, mwanamke anangoja treni ya Ijumaa. Mama Linet akasimama akaidaka, akamsaidia mamake mpaka mwisho wa ubeti, na ubeti wa pili ulipofika mama akasahau maneno, na aliyeyajua ni nani? Ekisa. Akavua kofia, akaimba na mke wangu wakitazamana, mmoja anangoja, mwingine anachelewa, mbele ya ukoo mzima, na wazee wakaitikia. Ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoniua. Mama mkwe alikuwa analia huku anatabasamu, na mimi niliyetaka kumfuta Ekisa kwenye hiyo siku nilikuwa nimemwandalia jukwaa, spika na watazamaji, kisha nikabaki nimesimama kando ya gramafoni inayozunguka tupu, bila neno hata moja la kuimba.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Si ungeolewa na yeye basi, muimbe vizuri."

Mama Linet hakukasirika. Alisema, "Ekisa alikuwa mlango wa pili. Kama nilikuwa namtaka, ningepiga hodi na mguu bila kuvaa viatu. Mimi niliwaacha watu wa reli wote nikakufuata wewe mtu wa Marachi, wa mahali hata treni haipajui."

Mngedhani ningetosheka hapo. Lakini wivu ni kitu kijinga, nikauliza tena, "Na mbona ulikuwa unaimba ukimwangalia yeye?"

"Nilianza kwa kukuangalia wewe," akasema. "Ulikuwa umeangalia chini."

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi wangu. Kumwomba mama mkwe msamaha nimekwenda, nikasimama mbali jinsi inavyotakiwa, akasema yameisha, ingawa najua hayajaisha. Ekisa bado simpendi, sitawadanganya, na Jumamosi zikifika bado kitu kinanikwaruza. Lakini ninakwenda. Ninakaa pale barazani nikiwa sijui wimbo wowote, na hata wakinicheka namna gani, uso wangu siushushi tena.