Peso Mbovu ya Ami Harub

Ami Harub, ndugu yake baba, alikuwa akiwatembeza watalii kwa gari, kutoka Sur mpaka Tiwi, huku Omani. Mmoja wao, mtu wa Meksiko, alimwachia sarafu tatu za kwao, basi zikamwingia moyoni. Tangu hapo anaagizia za zamani kwa simu. Zinamfikia nyumbani Ibra zimechakaa, anazimwaga mezani, anazitazama moja moja kwa lenzi. Hatafuti nzuri. Anatafuta zilizokosewa kiwandani, kama zile zenye tarehe iliyopigwa mara mbili.

Mwaka jana alipata peso ya fedha iliyopigwa upande. Kofia yenye miale iliyochorwa usoni pake imesogea, na ukingoni pamebaki patupu, kama mwezi mwandamo. Akatuma picha kwenye kundi la wakusanyaji sarafu. Wakamcheka.

"Umeipiga tupa mwenyewe, yakhe."

Yaqoob wa Maskati peke yake hakucheka. Alisema atakuja na mizani, maana sarafu iliyopigwa tupa hupungua uzani. Kama uzani umetimia, basi kosa ni la kiwanda, na wale watanyamaza. Ami akawa hana hadithi nyengine.

Kabla Yaqoob hajaja, mtoto wa Wiam, binti yake ami, akatimiza siku arubaini. Bi Fawziya, mke wa ami, akaenda Nizwa kwa sonara, akarudi na kidani cha mjukuu. Mimi nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Nikamwona ami anakitazama kile kidani, halafu akakaa kitako.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kisanduku chako. Usinune, baba Wiam. Nzima hata moja sijaigusa, nimechukua hii mbovu. Na sonara kaipenda, anasema imeacha nafasi ya tundu."

Tundu lilikuwa katikati ya ule mwezi. Na ukingo wote sonara kaupiga tupa, usije kumchubua mtoto.

Wiam alikuwa keshamvisha mwanawe, anampiga picha, anacheka. Nikaendelea kukunja.

Alkhamis Yaqoob akaja. Nikamwamkia shikamoo, nikaweka kahawa na halwa. Mtoto akaletwa. Yaqoob akaishika ile peso kifuani kwa mtoto, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni.

"Mashallah," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Bwana Harub, mie nakuamini. Lakini wale ntawaonesha nini?"

"Khalas. Usiwaoneshe kitu."

Mizani haikutoka mkobani. Wakazungumza habari za barabara.

Mgeni alipoondoka, bi Fawziya akaja kukusanya vikombe.

"Baba Wiam, mbovu nyengine unazo? Mwanao Jumana naye anakaribia kujifungua."

Ami alikuwa anatazama mlangoni.

"Ntatazama," akasema.