Mlio wa Kisu cha Baba

Mama alianza kumsikia baba mwaka wa pili tangu ahamie kwangu La Rochelle, mtaa wa hapa Johannesburg. Ilikuwa jioni, mimi bado niko kwenye cherehani. Aliinua kichwa akasema taratibu, "Baba yako amefunga kisu."

Nilisimamisha mguu nikasikiliza. Sikusikia kitu ila honi za magari kwenye robot, taa za barabarani.

Baba alikuwa seremala wa misheni kule Bukavu. Padri mmoja Mfaransa, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kisu chake cha kukunja. Kilikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe, na kwenye mpini misumari midogo ya shaba iliyopangwa ikawa msalaba. Padri alimweleza kwamba wachungaji wa milimani kwao, wakiwa mbali na kanisa, hukichomeka kisu kwenye mkate, msalaba ukasimama mbele yao, wakasali. Baba akaichukua desturi hiyo. Kila jioni alikichomeka kwenye mkate, tukasali, akakata vipande, halafu akakikunja. Klak! Sisi watoto hatukuthubutu kunyoosha mkono kabla ya mlio ule.

Vita ilipofika mtaani kwetu, askari walikusanya wanaume kwenye lori. Tulikuwa mezani. Baba alitoka akiwa bado anatafuna, kisu kikabaki kimesimama kwenye mkate. Hakurudi. Hakuna aliyewahi kutuambia ameonekana wapi, mzima au maiti. Mama alikikunja kisu kile, akakifunga kwenye kitambaa, akakibeba safari yote mpaka huku. Unyevu ukakila, kikagoma kufunguka. Na matanga hatukukaa. "Nimlilie nani?" mama alikuwa akisema. "Nimeona kaburi?"

Sasa alikuwa anamsikia karibu kila jioni. Akaanza kumtengea kiti na sahani. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayemjibu bibi yake kwa Kizulu, akawa hataki hata kupita karibu na kile kiti. Nilimkemea, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nakizunguka. Kisha siku moja, nikiwa nakoroga ugali, niliusikia mlio nyuma yangu, mkavu na mfupi. Nikajiambia ni bati linapoa. Nilipogeuka, mama alikuwa anatabasamu.

Nikaamua kisu kitengenezwe. Nilifikiri akikiona kinafunguka na kufungwa mbele ya macho yake, ule mlio mwingine utakoma.

Newtown, karibu na soko, kuna mzee Mfaransa anayetengeneza visu. Nilimkuta kwenye karakana yake, akivuta sigara yake ya kwanza. Hakujaribu kukifungua kwa nguvu. Alidondosha mafuta kwenye bawaba, akakaa kusubiri, tukawa tunaongea Kifaransa.

"Umbo hili ni la kijiji cha Laguiole," alisema. "Ila muhuri huu wa kwenye chuma ni wa kwetu, Thiers. Kisu kimoja kilipita nyumba nyingi kule. Huyu anafua, yule ananoa, mwingine anaweka mpini. Babu yangu alikuwa mnoaji."

"Alinoa kwa mashine?"

"Kwa mto. Maji yalizungusha jiwe, na mnoaji alilala kifudifudi kwenye ubao juu yake, uso karibu na jiwe. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mbwa wa kumlalia miguuni ampashe joto. Jiwe likipasuka lilimuua mtu pale pale. Wengine waliuawa na vumbi, polepole. Babu alikuwa wa vumbi." Alifuta mafuta kwa kidole gumba. "Alipokufa, mbwa wake aliendelea kwenda kulala kwenye ule ubao, mahali miguu ilipokuwa. Bibi hakumfukuza."

Kisu kikafunguka. Ndani ya mpini, kwenye mfereji wa chuma, kulikuwa na chembe kavu za kahawia. Mzee alizitazama, akanitazama.

"Mkate," alisema. "Nisafishe?"

Nilikinga kiganja chini ya mpini. Akazigonga chembe zile juu ya karatasi, akaikunja, akaniwekea kiganjani bila kuuliza zaidi.

Nyumbani nilimwita mama akae. Nilikifungua kisu mbele yake, nikakifunga. Klak!

Mama akatikisa kichwa. "Haiko hiyo."

"Mama, ni chenyewe."

"Kisu ni chenyewe. Mlio haiko hiyo." Alikichukua, akakifungua na kukifunga mwenyewe, tena na tena, ameinamisha sikio kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Uso wake ulibadilika. "Basi ninayemsikia ni yeye. Na mtu aliye hai hufungua mlango kwanza. Yeye hajaufungua hata siku moja."

Nilimpa ile karatasi. Alipoona kilichomo alipiga ukelele ambao nilikuwa nimeusubiri tangu utotoni. Mwenye nyumba alikuja mbio akidhani tumevamiwa.

Tulikaa matanga Jumamosi iliyofuata, uani, kwa viti vya kuazima. Wanakanisa walikuja, na Wakongo wa kutoka Bellevue, na mzee wa Newtown aliyekaa mwisho wa safu, kofia mapajani. Tulichimba shimo dogo kando ya ukuta, mama akaiweka karatasi ndani, kila mtu akatupa udongo kidogo. Ndipo mama akauliza Bukavu iko upande gani. Alitaka kumuaga baba akiwa ameelekea kwao.

Tulitazamana. Miaka yote hiyo Johannesburg, hakuna aliyejua. Kijana mmoja wa kwaya akatafuta kwenye simu, akazunguka polepole, akanyoosha mkono. Kaskazini ilikuwa upande wa spaza, kiduka cha jirani, ukuta wa matofali wenye tangazo la unga lililopauka. Mama akausogelea, akasimama mbele yake, akaanza kuongea na baba kwa sauti ya chini. Aliongea kwa muda mrefu. Muuza duka alitoka kuangalia kuna nini, akatuona, akarudi ndani akazima redio.