Bibi wa Kofia

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchonga uso vile vile nilivyouona. Kalibu yangu ya kumiminia dhahabu ni mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi ninaouokota ufukweni Mbegani, unaochimbika hata kwa sindano. Usonara nimejifunza kwenye simu, tena kwa kurukaruka. Sikujua kwamba sura uliyoichonga ikitazama kulia hutoka kwenye dhahabu ikitazama kushoto.

Mama mmoja, jirani yetu, aliniletea kidani cha bibi yake. Kilikuwa na sarafu mbili za dhahabu, moja ikapotea. Alitaka nimtengenezee pacha wa ile iliyobaki, binti yake avae siku ya harusi, na akanipa hereni zake niziyeyushe. Nilikuwa sijawahi kuaminiwa dhahabu ya mtu kabla ya hapo. Kwenye sarafu iliyobaki kulikuwa na kichwa cha mwanamke aliyevaa chapeo. Kwao wanamwita Bibi wa Kofia.

Nikatafuta picha zake. Kumbe ni mwigo wa sarafu ya Wayunani wa kale, na mwanamke mwenyewe ni Athena, mungu wao mlinzi wa miji. Katika kila picha niliyoiona alitazama kulia, kama yule wa kidani. Wangu, nilipommimina, akatoka anatazama kushoto. Nikamyeyusha, nikachonga upya kinyumenyume mbele ya kioo, nywele moja moja, mpaka akatoka sawa.

Nilipompelekea mama, sikungoja hata afungue kitambaa. Nikaanza kumweleza habari za Athena.

“Astaghfirullah,” akanikatiza. “Mlinzi wetu Mola. Huyu pambo tu, wala hatujamuuliza kabila.”

Binti yake akacheka. “Mwache, mama. Kasoma mpaka macho mekundu.”

Mama akaziweka sarafu zote mbili kifuani pake, moja huku, moja huku. Akajitazama kwenye kioo.

“Mbona huyu kampa mwenzake kisogo? Wamegombana?”

“Mama, za Wayunani zote hutazama kulia.”

“Kwani harusi iko Uyunani? Hawa walikuwa wanatazamana, mwanangu. Yule aliyepotea alitazama kushoto.”

Nikamwambia kwamba wa kushoto nilikuwa naye, nikamyeyusha kwa aibu.

“Na hukuniita hata nimwone?”

Nikamwomba anirudishie, nimchonge tena. Harusi ilikuwa kesho kutwa. Akaifunga kazi yangu kwenye kitambaa. “Basi. Dhahabu yangu imeungua ya kutosha.”

Binti aliolewa na sarafu moja shingoni, ya zamani. Yangu ilibaki kabatini kwa mama yake. Sherehe nzima nilikaa uani na sahani ya pilau, nikiona hasira, na hapakuwa na wa kumkasirikia ila mimi. Hakuna aliyenilazimisha kumyeyusha yule wa kwanza. Hakuna hata aliyekuwa amemwona.

Siku hizi siyeyushi kitu kabla mwenyewe hajakiona.