Mwalimu wa Tarumbeta Asiye na Cheti

Mwezi jana nilipanga foleni katika ofisi ya serikali hapa Voi. Mbele yangu mama mmoja wa Ronge alikuwa amemleta mwalimu wake, mzee wa kanisa, aandikishwe kwa ile tuzo ya kila mwaka ya walimu wa tarumbeta.

"Cheti chake kiko wapi?" karani akauliza.

"Hana. Lakini wote wanaopiga kanisani kwetu kawafundisha yeye."

"Bila cheti simwandiki."

Mzee akamshika mama mkono. "Twende zetu, mwanangu."

Mama hakusogea. Alitoa tarumbeta kikapuni, akapiga wimbo mzima wa kanisa huku amemkazia karani macho. Wanaume kwenye foleni wakavua kofia.

"Nyamaza, mama! Mkuu wetu, Bwana Shauri, yuko ndani, atasikia!"

"Asikie. Wewe andika."

Karani akaandika.

Jumamosi iliyofuata, nami nikiwepo, tuzo ilikwenda kwa mwalimu mwingine, mwenye cheti. Mzee alimpigia makofi kwa moyo mweupe. Mama alikunja mikono.

"Mwakani namleta tena," akaniambia, "na bendi nzima nyuma yake."

Namshauri karani aombe likizo mapema.