Shuka Lililongoja Jino

Harufu ya gundi ya unga wa ngano, ile inayopikwa sufuriani mpaka ivute, bado haijanitoka puani. Ndiyo iliyojaa chumbani kwetu Muaither, huku ughaibuni jangwani, kiangazi kile nilipokuwa na miaka saba, shule zimefungwa, joto limetufungia ndani, na kiyoyozi kikinguruma kutwa. Mama, aliyekuwa akishona nguo za watu hapo hapo nyumbani, alitandaza shuka jeupe sakafuni akawa anatengeneza miaka yangu. Bibi mzaa mama, aliyekuwa Tanga, alinishika mara ya mwisho nikiwa mchanga wa miezi minne. Tangu hapo alikuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho, na picha hazikumfaa kitu. Basi Mama akaamua kumpelekea miaka anayoweza kuipapasa.

Kila mwaka ulikuwa na ukanda wake, kwa vipimo alivyoviweka tangu nizaliwe. Mama alishonea kipande cha gauni lililonibana, akabandika karatasi ngumu iliyokatwa kwa kufuata kiganja changu, kisha akachukua uzi mnene wenye urefu wa kimo changu na kuuzungusha kama konokono. Mchanga tuliofagia dirishani baada ya dhoruba ya vumbi aliuchanganya na gundi, akaupaka pembezoni, ili Bibi ajue tunaishi wapi. Konokono wa mwaka wa kwanza alikuwa mdogo; wa saba alijaza kiganja cha Mama. Nilijivuna ajabu. Nilidhani hakuna mtoto mwingine duniani aliyewahi kushonwa.

Siku moja jirani yetu, Mama Rukia, akaja kuaga. Kesho yake alikuwa anakwenda Tanga, na watu wa huku tunajuana: anayesafiri hubeba vya wenzake.

"Nimebakiwa na nafasi ya kilo mbili," alisema. "Nipe mzigo wa mama yako, dada. Nasikia hali yake si nzuri."

Mama akaanza kulikunja shuka, nami nikaangua kilio. Jino langu la mbele, la kwanza, lilikuwa linalegea, na tulikubaliana kulishonea kwenye mwaka wa saba badala ya kulirusha juu ya paa kama ilivyo desturi. Nililia kwamba Bibi atapata mwaka nusu. Nikajilaza juu ya shuka na kukataa kuondoka. Mama alinitazama, akamtazama mgeni.

"Basi, acha tu. Baba yake akipata ijaza ya kwenda nyumbani tutakwenda nalo wenyewe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama Rukia akasema taratibu, akaenda zake.

Jino lilitoka siku tisa baadaye, kwenye kipande cha mkate. Siku ya kumi simu ikaita, na Mama akaambiwa kwamba Bibi amefariki. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni, juu ya mwaka wangu wa tatu. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, na pengo mdomoni.

Leo nafanya kazi hotelini Lusail, huku huku ughaibuni, nami nina binti wa miaka sita. Mama alisharudi Tanga, na kila Ijumaa humwona mjukuu wake kwenye simu, jambo ambalo Bibi hakulipata. Lakini macho yake nayo yameanza kuingia ukungu. Juzi aliniuliza, "Hivi nikimsimamisha mbele yangu, atanifikia kifuani?" Nina shuka la miaka ya binti yangu nililoanza miaka mitatu iliyopita. Kila nikiona mshono umepinda naufumua, na kila mwaka nasema nitalipeleka mwenyewe nikipata likizo.

Jana mwenzangu wa kazini alipita kuaga, anakwenda Tanga. Uzi wa kimo cha mwaka huu nilikuwa nimeushona nusu, nusu nyingine inaning'inia.

"Mama, bado hatujamaliza," binti yangu akasema.

Nikachomoa sindano, nikalikunja shuka, nikampa mgeni.