Ile Nafasi Juu ya Ukuta

Iko alasiri moja ya mvua ambayo sijawahi kumsimulia hata baba yako, na leo naikumbuka nikiwa nimesimama, maana kukaa nimeshindwa. Tangu jana naketi, nainuka, natoka nje kutazama mawingu juu ya ziwa, narudi ndani. Hata chai yangu imepoa mara mbili.

Mwanangu Atieno, nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu na mimi ni Dani, bibi yako, kwa sababu mgongo huu ndio uliokubeba. Jana jioni uliponipigia simu nilimsikia mtoto akipiga chafya, nikauliza kama nyumba ina baridi. Ukanijibu kwa furaha: "Hapana Dani, tumeingiza jiko ndani, tumefunga dirisha. Huku Nyalenda mvua inanyesha lakini sisi tuko poa." Nikapiga kelele ulitoe jiko hilo sasa hivi. Ulilitoa, nilisikia mlango ukifunguka. Kisha ukamwambia mume wako, ukidhani simu imekatika, "Dani na maneno yake ya ushago!" Yaani ya kijijini, na mkacheka wote wawili. Simu haikuwa imekatika, mama.

Kwa hiyo najua mvua ikinyesha tena leo, jiko litarudi ndani. Ndiyo sababu naandika ujumbe huu mrefu kwa kidole kimoja, na miwani yenyewe ina mguu mmoja. Usome mpaka mwisho. Ukiona nimekosea herufi, cheka halafu uendelee.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa hapa Usenge kutoka Asembo, na nilikuwa naringa, sikufichi. Babu yako alikuwa seremala Kisumu, kwenye karakana ya Kalasinga mmoja, na kila mwisho wa mwezi alikuja na mabati mawili matatu juu ya basi. Hatimaye nyumba yetu ikaezekwa, nyumba ya kwanza ya mabati katika boma lote. Mama mkwe wangu, Akoth, huyohuyo ambaye umempa mwanao jina lake, alikaa kwenye nyumba ya nyasi hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nyumba yake ilinuka moshi, na dari yake ilikuwa nyeusi tii. Mimi nilipita pale nimeshika pua, kijanja, ili asinione. Aliniona, bila shaka.

Sasa, wewe unaishi chini ya hayo mabati, unayajua. Mchana wa jua yanakuoka, na siku ya mvua yanageuka barafu. Tena kati ya ukuta wangu wa udongo na mabati kulikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, nyumba nzima kuzunguka, na upepo wa ziwa uliingia humo bila kubisha hodi. Nilidhani mafundi walisahau kuiziba. Nilimlaumu hata babu yako kwa kazi ya haraka haraka.

Baba yako alizaliwa katikati ya mvua ndefu. Mama mkwe akaja akasema nihamie kwake na mtoto mpaka mvua ipungue. Nilikataa. Nilimwambia nyumba yangu ni nzuri, asante. Alipoondoka nilichukua magunia, nikayasokota, nikaziba ile nafasi yote. Juu yake nikabandika magazeti kwa uji wa unga, karatasi juu ya karatasi, mpaka mwanga wenyewe ukakosa pa kupita. Kisha nikawasha jiko la makaa nje, moshi ulipoisha nikaliingiza ndani, nikaliweka karibu na kitanda. Hakuna moshi, hakuna harufu, joto tupu. Nilijipongeza sana. Nikajiambia, wanawake wa hapa wanakohoa moshi miaka yote kwa kukosa akili tu.

Ngoja, nimesikia ngurumo. Nimetoka kuangalia. Bado ni mbali, upande wa Port Victoria, lakini inakuja.

Siku hiyo alikuja jirani yetu, Mama Penina, mjane, mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa jekundu siku zote. Aliingia akitiririka maji. Akatazama jiko, akatazama magazeti yangu juu ya ukuta, kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Nilingoja asifu. Alisema tu, "Nyumba yako iko na joto," akaacha chai nusu, akaenda zake.

Jioni kichwa kikaanza kunigonga. Nikatapika. Mtoto akalala tu, hata kunyonya hakutaka. Kulipokucha nikafungua mlango kuteka maji, nikakaa nje kidogo nikiosha nepi, kichwa kikapoa, na mtoto mgongoni naye akaamka akalia njaa. Sasa hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini nje tunapona. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu: jicho. Yule mjane na jicho lake jekundu amemtazama mtoto wangu vibaya. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini, na asubuhi ileile nikawaambia wanawake niliowakuta mtoni.

Na je, mtu anamkingaje mtoto na jicho baya? Anamficha. Mchana mvua ilipoanza tena nikafunga mlango kwa komeo, nikasukuma gunia chini ya mlango, nikaning'iniza leso nzito dirishani ili hata ufa usibaki wa mtu kuchungulia. Nikaongeza makaa. Nikamlaza baba yako kando yangu, nikajifunika naye, nikasema sasa tuko salama.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka magoti yalikataa kunibeba nilipotaka kuinuka. Nakumbuka nilitaka kumgeuza mtoto, mkono ukawa mzito, nikaona heri nilale kwanza. Nilisikia mama mkwe akibisha mlango, ameleta uji. Nilimjibu, kwa hakika nilimjibu kwa adabu kabisa, kwamba tuko sawa na tumepumzika. Baadaye aliniambia kilichofika masikioni mwake ni maneno ya mlevi.

Alivunja dirisha. Mwanamke mfupi, mnene, na mwiko wa uji mkononi. Aliivuta leso, akapita katikati ya mbao akaacha kipande cha gauni kwenye msumari, akamnyakua mtoto kitandani, akafungua mlango, akatoka naye kwenye mvua. Kwenye mvua, Atieno! Mtoto wa wiki mbili, kichwa wazi. Mimi nilitambaa nyuma yake nikipiga kelele kwamba atamuua kwa baridi. Baba yako alikuwa ameregea mikononi mwake, midomo myekundu ajabu, hatikisiki. Akampulizia uso, akamsugua kifua, akaita jina lake mara nyingi. Nilipiga magoti kwenye matope nikashika mguu wake mdogo, na nilijua kwamba nimemuua mimi. Hilo sikuambiwa na mtu. Nilipokaa kwenye ile hewa ya mvua kichwa kikaanza kufunguka, nikaelewa.

Akalia. Kilio chembamba mwanzoni, kisha kile cha hasira. Baba yako mpaka leo ana sauti ya kuamsha kijiji, na kila akikugombeza wewe unanyong'onyea. Mimi humsikiliza nikamshukuru Mungu.

Siku ileile walitupeleka zahanati kwa baiskeli, na daktari akasema ni hewa ya makaa, haionekani wala hainuki, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungempoteza mtoto. Tuliporudi nilihamia nyumba ya nyasi bila kuambiwa. Mama mkwe akafungua vifungo vya gauni, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunga leso juu yao wote wawili, akaketi. Ndipo akaniangalia.

"Nyar Asembo," akasema, yaani binti wa Asembo. "Ile nafasi juu ya ukuta, ulifikiria sisi tulisahau kuziba?"

Akaivuta leso, akayafunika mabega ya mtoto.

"Moto inataka hewa kama wewe. Ukifungia yeye ndani na mtoto, mtoto ndio atakosa. Wewe unaogopa macho ya mtu, na jiko umeweka kando ya kitanda!"

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimesamehea. Kesho utaenda kwa Penina. Najua ulisema nini juu yake kwa wale wa mtoni."

Nilikwenda, huku nikitamani njia iwe ndefu zaidi. Mama Penina alikuwa anaanua omena kabla mvua haijarudi. Nikamweleza yote, hata lile la jicho. Aliendelea kukusanya samaki wake, sikuona kama amekasirika. Kisha akasema, "Mimi nilikuja kukuambia ufungue. Niliona ile jiko. Nikafikiria, huyu ni msichana wa mabati, atasema huyu mama mzee anaingilia nyumba ya watu. Nikanyamaza. Nisamehe na wewe." Akalia yeye, nikalia mimi, omena zikalowa.

Maneno yake hayo ndiyo yamenisimamisha tangu jana. Mama Penina aliona, alijua, na alinyamaza kwa adabu. Adabu yake ingemuua baba yako, na wewe usingekuwepo, wala huyo Akoth mdogo mwenye chafya. Mimi adabu ya namna hiyo sina. Niite mshamba, cheka na mume wako mpaka mbavu ziume, lakini sinyamazi.

Basi sikiliza. Jiko lisilale nyumbani kwako. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, hata yakifunikwa majivu, hata "kwa dakika tano tu Dani". Pika, epua, jiko litoke. Dirisha lifunguke kidogo usiku na mchana, na ile nafasi juu ya ukuta wenu, ambayo najua mume wako ameiziba kwa karatasi za nailoni, aizibue leo. Mtu wa nyumbani akishikwa na kichwa au kichefuchefu na moto umewaka, tokeni nje kwanza, wote, ndipo mtafute sababu, na mwende hospitali. Usikae ndani ukimtafuta mchawi kama mimi.

Na joto lipo, mwanangu, wala halihitaji moto ndani. Babu yako alipigilia mikeka ya mafunjo chini ya mabati yetu, na baridi ilipungua wiki ileile, hata kelele za mvua zikapoa. Hapo Dunga wanaiuza, mnunue. Chini ya godoro lenu tandikeni maboksi au magunia makavu, maana baridi kubwa hutoka kwenye simenti na nyinyi mnahangaika na ya juu. Nguo za mtoto zianuliwe jua likiwa bado kali, na kofia na soksi zisimtoke. Mle uji wa moto kabla ya kulala. Lakini kuliko vyote, mbebe kifuani kama alivyobebwa baba yake mama yake, samahani, nimechanganyikiwa, namaanisha baba yako. Ngozi kwa ngozi, leso juu. Ukichoka, mume wako ana kifua pia, na hakijawahi kufanya kazi yoyote niliyoiona. Mpe.

Mvua imeanza hapa. Itawafikia jioni.

Kwa hiyo jua likishuka utanipigia ile simu ya picha. Sitaki kuona uso wako, uso wako naujua, ni wangu. Sitaki hata uso wa mtoto. Nionyeshe dirisha. Kisha toka nje unionyeshe jiko liko barazani. Usiponipigia, kesho asubuhi napanda gari la kwanza, na nikifika Nyalenda sibishi hodi, ninapitia dirishani. Mimi ni mzee lakini nimefundishwa na aliyeweza.

Mungu awape nyumba yenye joto na yenye hewa. Awape usingizi ambao kila asubuhi mnaamka wote, mkihesabiana mkitimia. Na huyo Akoth mdogo, aliyerithi jina la mwanamke aliyemtoa babu yake nje kwenye mvua akiwa hai, akue mpaka awe bibi mwenye kelele, na akisema jambo nyumbani kwa watu, asinyamaze.

Nipigie. Sijakaa bado.